Saizi ya Pua ya Shamsia

Shamsia alipopanda Kinole kuwa mke wa Hafidhi, alikuja na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa cherehani, na hiyo kila mtu aliielewa, maana alikuwa ameshona nguo za kike Kihonda kwa miaka thelathini na sifa zake zilipanda mlima kabla yake. Ya pili ilikuwa ndani ya begi la kijivu lenye zipu, ukubwa wake kama redio ya mezani, na hiyo hakuna aliyeielewa isipokuwa Hafidhi, naye alielewa nusu.

Alielezwa siku tatu kabla ya ndoa, kwa simu. Shamsia alimwambia kwamba akilala pumzi yake hukatika, si mara moja wala mbili bali mara nyingi katika saa moja, na kwamba kabla ya kupata tiba alikuwa anakoroma mpaka mpangaji wa chumba cha pili akahama bila kuaga. Daktari wa mjini ndiye aliyemwandikia mashine ya kusukuma hewa. Hewa inapita kwenye bomba, inaingia kwenye maski ndogo inayokaa puani, koo halizibi, na yeye analala kama mtoto aliyeshiba. Akasema kama Hafidhi anaona jambo hilo limemshinda, aseme sasa hivi, kabla watu hawajachinja.

Hafidhi alikuwa na miaka sitini na mitatu, mgane wa mwaka wa sita, mtu wa maneno machache. Akauliza kama hiyo mashine inakula umeme mwingi. Akaambiwa hapana. Akauliza kama ina kelele. Akaambiwa inavuma kidogo tu, kama nyuki mmoja ndani ya chupa. Hafidhi akasema nyuki mmoja anamweza, akaaga vizuri, akarudi kupanga magome yake ya mdalasini.

Ndoa ikafungwa, na nyuki kweli alikuwa mmoja. Baada ya wiki mbili Hafidhi alikuwa hamsikii tena. Alichokuwa anakiona, na kilichokuwa kinamsumbua kila asubuhi, ni jinsi Shamsia alivyokuwa akiosha ile maski kwenye beseni na kuitundika kwenye msumari wa dirishani ikining'inia upande, maji yakichuruzika kwenye ukuta.

Tatizo ni kwamba Hafidhi alikuwa mtu wa kukausha. Karafuu, pilipili manga, mdalasini, vyote vilipita mikononi mwake, na wanunuzi waliotoka mjini walikuwa wakiuliza mzigo wa Hafidhi kwa jina. Alijua kitu gani kinataka jua la asubuhi na kipi kinataka upepo peke yake. Kumwonyesha mtu kama huyo kitu kibichi kwenye msumari ni kumchokoza. Akaomba apewe yeye kazi hiyo. Shamsia akakataa, akasema ni mambo yake ya mwilini na hapendi kumtumikisha mume. Lakini ilipofika Januari, sare za shule zikamjaa mpaka mlangoni, na asubuhi moja akiwa na masketi kumi na manne ya bluu hayajatiwa pindo, akakubali.

Akamfundisha kama alivyokuwa akiwafundisha wasichana wa kushona. Kuna raba laini, hii inayogusa pua, ambayo huoshwa kila siku kwa maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya mtoto mchanga. Haisuguliwi kwa brashi, vidole vinatosha. Inasuuzwa mpaka utelezi uishe, inakaushwa kivulini, maana jua linaikakamaza. Fremu ya plastiki inayoibeba raba huoshwa vivyo hivyo. Mikanda ya kichwani na bomba ni mara moja kwa wiki. Na raba yenyewe, hata uitunze kama yai, baada ya miezi michache hulegea na inabidi kununua nyingine. Hafidhi alisikiliza yote, akamrudishia neno kwa neno, akafaulu.

Siku hiyo hiyo akatengeneza kichanja cha mianzi chini ya baraza, upande usiopata jua, kikiwa na vijiti vinne vya kutundikia. Kilipendeza kuliko vichanja vyote vya pale uani. Mwantumu, dada yake, ambaye nyumba yake na ya kaka yake zilitazamana kwenye uwanja mmoja, akaja kukiangalia. Akauliza hicho kikombe kisicho na kitako ni cha nini. Akaambiwa ni kifaa cha hospitali. Akasema aah, akarudi kwake, na tangu hapo akawa anakaa upande wa baraza unaoelekea kichanja.

Kwa mwezi mzima Hafidhi aliosha kama alivyoambiwa. Kisha akaanza kuboresha.

Hakuwa na nia mbaya. Aliona tu kwamba raba ina harufu ya raba, na kwamba mwanamke anayelala katika nyumba iliyojaa viungo hastahili kuvuta harufu ya tairi. Asubuhi moja akachemsha maji, akatia karafuu kiganja kimoja na vijiti viwili vya mdalasini, akaacha yakolee rangi. Akaitumbukiza raba pamoja na fremu yake maji yakiwa bado yanatoa mvuke, akavifunika kwa sahani, akaenda shambani. Aliporudi akavisuuza kwa maji ya kisimani na kuvitundika. Kesho yake Shamsia aliamka anatabasamu, akasema ameota yuko kwenye harusi kubwa, sufuria za pilau zimepangwa, na kila akinyoosha mkono kuchukua sahani anaamka. Alikuwa na njaa kweli kweli. Hafidhi akamkaangia mayai, akanyamaza na siri yake, akaona mambo yameanza kunoga.

Akaendelea hivyo siku nane. Siku ya tisa akagundua raba imebadilika rangi, imekuwa kama chai ya maziwa, na ukingo wake umejikunja. Akaunyoosha kwa kidole gumba, ukachanika. Mchaniko wenyewe haukuzidi ukucha, lakini hewa haihitaji mlango mkubwa, na usiku huo mashine ilipiga mluzi.

Shamsia akasema labda imefika umri wake. Hafidhi, badala ya kusema kweli, akasema nadhani, na akajitolea kupiga simu mjini kuagiza nyingine. Alitaka kuangalia kwanza saizi iliyoandikwa kwenye ile kuukuu, akaigeuza huku na huku karibu na dirisha, lakini herufi ilikuwa imekwenda na karafuu.

Kumuuliza Shamsia kungeleta maswali. Akatoka nje, akakaa kwenye gogo ambako simu hushika vizuri. Gogo lenyewe liko hatua tatu kutoka mkeka wa Mwantumu, ambaye alikuwa anachambua pilipili manga.

Muuzaji alikuwa kijana aitwaye Eustace, mwenye duka la vifaa vya hospitali Kihonda, huyo huyo aliyemhudumia Shamsia tangu mwanzo. Siku hiyo alikuwa nje ya duka, hana daftari la wateja karibu. Alimwamkia vizuri, akasikiliza shida, akasema raba zipo. Kisha akauliza saizi: ndogo, ya kati, au kubwa?

Hafidhi akatazama mbele. Mwantumu alikuwa bado ameinama, lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Pua ya Shamsia haikuwa ndogo. Ilikuwa pua ambayo mtu mwenye macho hawezi kuipita bila kuiona. Lakini kuitangaza mbele ya dada yake, kwa kijana wa watu, kwa simu, ni jambo ambalo ulimi wa Hafidhi ulikataa kulifanya. Aliona kama anamvua mkewe kilemba hadharani.

"Ndogo," akasema.

Eustace akauliza kama ni ndogo kabisa. Hafidhi akajibu ndogo ya kawaida. Eustace, kwa adabu, akamweleza kwamba ipo njia ya kupima, unachukua rula au futi kamba, unapima upana wa pua pale chini kwenye mabawa yake, unanitumia namba. Hafidhi akasema hakuna haja, akashukuru, akakata.

"Kaka," Mwantumu akasema bila kuinua kichwa, "pua ya wifi ni ndogo?"

"Wewe chambua pilipili."

Kifurushi kilipanda keshokutwa yake kwa gari la mananasi lililokuwa linarudi tupu. Shamsia akakifungua yeye mwenyewe kwa mkasi wake wa kushonea. Akatoa raba mpya, nyeupe kama ute wa yai, akaona herufi S kwenye pembe. Akaisogeza karibu na macho. Akamtazama mumewe.

"Wewe ndiye uliyewaambia ndogo?"

Hafidhi akasema ndiyo, ni yeye.

Shamsia aliingia ndani, na jioni ile Hafidhi akala wali wa nazi na kuku wa kienyeji, siku ambayo haikuwa sikukuu wala hapakuwa na mgeni. Alijua amefanya jambo fulani, hakujua ni zuri au baya.

Kwa siku tisa zilizofuata, watu wawili wazima waliishi ndani ya uongo wenye ukubwa wa raba ya pua. Kila asubuhi Shamsia aliamka na mistari miwili myekundu pembeni mwa pua, akaipaka poda. Kila asubuhi Hafidhi alimuuliza inakaaje, na kila asubuhi alijibiwa kwamba imekaa kama alizaliwa nayo. Wakati huo hewa ilikuwa inatoroka kila upande na sauti kama ya baiskeli inayotoka upepo, na zaidi ya mara moja Hafidhi alisikia ule mkoromo wa zamani, uliomhamisha mpangaji, ukipanda ngazi moja moja kuja juu. Alijitia usingizi. Asubuhi aliiosha ile raba ndogo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mtoto, bila karafuu hata moja, kwa uangalifu wa mtu aliyetubu.

Matokeo yakaonekana kwenye kushona. Kwanza ilikuja suruali ya shule iliyoshonwa mfuko ukafungwa kabisa, mtoto akarudi analia kwamba hana pa kuweka peremende. Ikafuata sketi yenye kiuno chini na pindo juu. Shamsia akacheka, akafumua, akasingizia joto. Hafidhi akasingizia joto pia, ingawa mvua ilikuwa imenyesha milimani siku nne mfululizo na watu walikuwa wanatembea na masweta.

Kisha akaja Mwalimu Cecilia. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, kahamishiwa shule ya hapo kutoka Iringa, na alikuwa na gauni la zambarau kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alifika Jumamosi saa nane mchana, akamwamkia Shamsia, akaingia chumbani kulijaribu. Mkono wa kulia ukapita vizuri. Wa kushoto akauingiza, ukaenda, ukaenda, haukutokea. Akautoa, akatazama, akauingiza tena, maana ni mtu wa hesabu na alitaka kuhakikisha. Halafu akatoka akiwa ameshika ule mkono wa gauni kwa vidole viwili.

"Mama," akasema taratibu, "huu mkono hauna mlango."

Shamsia alicheka mpaka akajishika ubavu. Akaomba radhi, akasema atafumua sasa hivi, dakika kumi tu. Akakaa, akachukua mkasi mdogo, akafumua nyuzi tatu. Ya nne hakuifikia. Kichwa kilishuka kifuani huku mkasi uko mkononi, ncha imeelekea juu.

Mwalimu Cecilia akautoa ule mkasi kwenye vidole vyake polepole, akauweka mbali, akatoka uani kumtafuta mwenye nyumba. Hafidhi alikuwa anageuza karafuu. Cecilia hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu, lakini siku hiyo aliingilia. Alimwambia kwamba mama si mzima. Alisema mtu anayelala katikati ya mazungumzo, mchana, na mkasi mkononi, huyo halali usiku, na kwamba shangazi yake yeye alianza hivyo hivyo na wakachelewa kumpeleka hospitali. Kisha akasema gauni halina haraka, akaenda zake.

Hafidhi akaacha karafuu zilivyo. Aliingia ndani, akavuta stuli, akakaa mbele ya mkewe. Shamsia alikuwa anapumua kwa kukwama, anavuta, anasimama, kimya kinakuwa kirefu, halafu anashtuka na kuvuta tena kama mtu aliyetoka chini ya maji. Hafidhi alihesabu kimoja cha vile vimya kikafika ishirini. Hakuwahi kuogopa kitu nyumbani kwake kama alivyoiogopa ile hesabu. Akamgusa bega.

Shamsia alipofumbua macho, Hafidhi hakumpa nafasi ya kusingizia joto.

"Ile raba ya kwanza niliiharibu mimi," akasema. "Nilikuwa naichemsha na karafuu. Na mdalasini. Siku nane."

Ilimchukua Shamsia muda kuunganisha.

"Kumbe lile pilau," akasema.

"Ndiyo lile."

"Nimenenepa kilo mbili kwa sababu ya lile pilau, Hafidhi."

Hafidhi akasema amesikia. Akaendelea kutoa yote, kwamba herufi ilifutika, kwamba aliona haya kumuuliza, kwamba Mwantumu alikuwa amekaa pale pale na yeye hakuweza kutamka neno kubwa. Alipomaliza alishusha pumzi, akasubiri kugombezwa.

Lakini Shamsia naye alikuwa na lake. Alifuta ile poda ya puani kwa ncha ya kanga, mistari miwili ikatokea, mmoja umeshaanza kuchubuka.

"Inanibana tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilijikaza tu. Miaka thelathini nimepima wanawake. Mtu ananiambia kiuno chake ni thelathini, mimi naandika thelathini na sita kimya kimya, nguo inamkaa, anaondoka anafurahi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniandikia mimi namba ndogo. Wewe ndiye wa kwanza. Sasa ningeirudishaje?"

Hafidhi alitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya magome.

Shamsia akavua futi kamba iliyokuwa imening'inia shingoni mwake, akampa. Akamwambia ampime, kama mteja, na asimwonee haya. Hafidhi akasogeza stuli. Alikuwa amezoea kupima vijiti vya mdalasini kwa jicho tu na kukata vyote sawa, lakini pua hakuwahi kuipima. Aliweka futi kamba chini ya pua, kutoka bawa moja hadi jingine, akaambiwa asivute, akalegeza, akaambiwa asilegeze hivyo. Akasoma namba. Akairudia kusoma.

"Sema kweli," Shamsia akasema, macho ameyafumba. "Ni kubwa?"

"Ni kubwa," Hafidhi akasema. "Na ndiyo niliyoiona kwanza. Siku ile nimeleta suruali ya kupunguzwa, ulikuwa umeinama kwenye cherehani, dirisha liko nyuma yako. Nikaona pua kabla sijaona mtu. Nikasema moyoni, mwenye pua hii atakuwa mtu mtulivu, asiye na maneno mengi."

"Ukakosea."

"Nikakosea sana."

Shamsia akafumbua macho. Akachukua daftari lake la vipimo, lile la wateja, akafungua ukurasa wa Mwalimu Cecilia, na chini ya kifua na kiuno cha mwalimu akaandika jina lake mwenyewe, tarehe, na neno pua, na ile namba. Akapigia mstari. Kisha akasema Jumatatu wanashuka mjini wote wawili, na kwamba Hafidhi haruhusiwi tena kuzungumza na duka lolote kwa simu.

Jumatatu wakashuka. Duka la Eustace lilikuwa chumba kimoja chenye viti vya magurudumu vilivyokunjwa ukutani na magongo yaliyopangwa kwa urefu. Eustace alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Aliwaamkia, na mara tu Hafidhi alipofungua mdomo kuitikia, kijana akatabasamu. Akasema sauti hiyo anaikumbuka, ni ya mzee wa ndogo ya kawaida. Alikuwa ameifungua kumbukumbu ya mama siku mbili baadaye, akaona saizi ni kubwa, akapiga simu mara mbili kusahihisha, haikushika. Shamsia alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Hafidhi akajitia kusoma tangazo la shinikizo la damu.

Eustace akamkalisha Shamsia kwenye kiti cha kuegemea, akamwomba asafishe uso kwanza kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka kinang'aa. Akauliza kwa upole kama mama hupaka kitu kabla ya kulala. Shamsia akasema mafuta ya nazi, kila siku, tangu usichana, na ndiyo maana hana makunyanzi. Eustace akasema hilo linaonekana, lakini mafuta yanaifanya raba iteleze na yanaichakaza mapema, kwa hiyo bora ayapake asubuhi, na kabla ya kulala aoshe uso. Shamsia akasema atafikiria.

Kisha Eustace akamvalisha raba mpya, ile kubwa, kwenye maski ya dukani, akaiunganisha na mashine waliyoshuka nayo, akaiwasha. Akalegeza mikanda kidogo, maana watu wengi huikaza wakidhani ndiyo dawa. Hakukutoka mluzi wala upepo. Alisogeza kiganja kuzunguka pua yake yote, akasema hakuna kinachovuja, na kwamba mama akae hivyo dakika tano ili wahakikishe.

Dakika ya tatu Shamsia alikuwa amelala. Mdomo umefungwa, mabega yameshuka, mkoba uko mapajani. Alilala kama mtu aliyekuwa amesimama kwenye foleni siku tisa na sasa kaitwa jina lake. Akaja mteja kununua kipima joto, Eustace akamwonyesha kwa kidole mama aliyelala, mteja akanunua kwa kunong'ona. Akaja mwingine wa magongo, naye akanong'ona. Hafidhi alisimama karibu na kiti, mikono nyuma, akihesabu pumzi. Hapakuwa na kimya. Zilikwenda moja baada ya moja, mpaka akachoka kuhesabu, na alifurahi kuchoka.

Wakati huo Eustace alikuwa amelichomoa chujio la mashine, kile kipande kidogo cha kuchuja vumbi upande wa nyuma. Akaliweka kwenye karatasi. Linatakiwa kuwa jeupe. Hili lilikuwa kahawia. Akalinusa, akamtazama Hafidhi juu ya miwani.

"Mzee wangu, hii mashine inakaa wapi?"

Ilikuwa inakaa kwenye meza iliyoegemea ukuta wa stoo ya mdalasini, na ukuta huo ulikuwa na tundu la upepo. Hafidhi akaeleza. Akaona, kwa kuwa ameshaanza, bora amalize, akaeleza na habari ya kuchemsha. Eustace akageukia dirisha akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia. Akachukua fremu ya maski ya Shamsia, akaiinua kwenye mwanga, akamwonyesha Hafidhi ufa mwembamba kama unywele pale bomba linapoingia. Akamwambia mafuta ya karafuu yanakula plastiki, na kwamba ufa huo ungefika mwisho wake bila kupiga hodi. Hafidhi akautazama ule ufa kwa muda. Alizifahamu karafuu maisha yake yote, na hakujua kwamba zina meno.

Wakachukua fremu mpya, raba kubwa mbili ili moja iwe akiba, na machujio ya kutosha mpaka mwisho wa mwaka. Eustace akaandika nyuma ya bahasha kipi kibadilishwe lini. Hafidhi akaomba aandike pia, kwa herufi kubwa, bila viungo.

Shamsia aliamka baada ya dakika arobaini, akavua maski, akatazama watu watatu waliokuwa wamesimama wakimtazama kwa heshima.

"Nimekoroma?" akauliza.

Akaambiwa hapana. Akasimama, akanyoosha baibui lake, akasema basi twende Msamvu tukanunue uzi wa zambarau, maana kuna mkono unasubiri mlango.

Mwalimu Cecilia akavaa gauni lake Jumatano, mikono yote miwili ikatokea. Mashine ikahamia upande wa pili wa chumba, mbali na stoo. Mwantumu aliuliza, kwa njia ya kuzunguka sana, kama safari ilikuwa ya kubadilisha kitu, na Shamsia akamjibu kutoka barazani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, kwamba wamekwenda kuchukua kubwa, maana hii pua wifi yangu unaiona, ndogo itaiweza wapi. Mwantumu, aliyekuwa amejiandaa kuchimba taratibu kwa wiki nzima, akabaki na jembe lake mkononi.

Ijumaa baada ya sala, Hafidhi akafanya usafi wa wiki. Aliosha mikanda, akaikamua ndani ya taulo. Akapitisha maji ya vuguvugu kwenye bomba, yakaingia upande huu, yakatoka upande ule, akasuuza mara mbili. Lakini bomba lina mikunjo kama koo la kuku, na maji yakagoma kutoka yote. Alilitundika, likachuruzika kidogo likaacha. Akalipuliza kwa mdomo, halikutoa kitu. Basi akalishika mwisho mmoja, akasimama katikati ya uwanja, akalizungusha juu ya kichwa kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Maji yakatoka. Mengi yakaenda kwenye mkeka wa Mwantumu, juu ya pilipili manga ambazo zilikuwa zimebakiza siku moja zikauke, na yaliyobaki yakampata Mwantumu mwenyewe.

Dirishani, Shamsia alikuwa anapachika pindo, amebana pini tano kwa midomo. Alijitahidi kutocheka. Aliziba mdomo kwa kiganja, akageuka ukutani, lakini mabega yalimsaliti, na pini zikatawanyika sakafuni. Hafidhi na Mwantumu wakaingia kusaidia kuziokota, wakapata nne upesi. Ya tano waliitafuta wote watatu, Mwantumu akiwa bado amelowa mgongoni na analalamika, Hafidhi amepiga magoti na tochi ya simu chini ya cherehani, mpaka adhana ya alasiri ikawakuta hapo hapo.